Jicho Moja la Kuionea Kalengera

Asubuhi hiyo Henriette Nyiramahirwe alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mwanawe, mtaani Katindo, anachambua maharagi, alipoona uzi mweusi umeanguka juu ya ungo. Aliuondoa kwa kidole, haukutoka. Aliupuliza, akaupangusa kwa upindo wa kitenge, na kila alipogeuza macho uzi nao uligeuka. Alipotazama juu, ukawa juu, kati ya mabati na mawingu. Ndipo alipoelewa kwamba uzi hauko kwenye maharagi, uko ndani ya jicho lake. Hakumwambia mtu. Alimaliza kuchambua, akayaosha maharagi, akayateleka.

Hakuwa mwanamke wa kulalamika. Alikuwa na miaka hamsini na minane, amezaa watoto watano na kuzika watatu. Kwao Kalengera, kijiji kilichokaa kando ya barabara kubwa ya kwenda Rutshuru, alikuwa na mashamba mawili, moja la maharagi na jingine la vitunguu. Watu wa kule walimsifu kwa macho. Akiwa mlangoni kwake aliweza kumtambua mtu anayeshuka mteremko wa ng'ambo, kwa mwendo tu, akasema huyu ni fulani na leo amekasirika, na mtu akifika, kweli amekasirika.

Vita vilipofika huko mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili, yeye na mumewe Munyakazi walitoka kwa miguu na godoro moja na sufuria, wakalala zaidi ya mwaka mzima chini ya shiti ya plastiki katika kambi ya Kanyaruchinya. Huko kambini muuguzi mmoja alishangaa namna Henriette alivyokuwa akinywa maji bila kukata kiu, akamtoboa kidole na kumwambia ana ugonjwa wa sukari. Alipewa vidonge. Vilipokuwepo alivimeza, vilipokosekana alikaa bila, na mwili ulipojisikia mwepesi hakuona sababu ya kuvifuatilia. Sukari haina kelele. Haikumuuma popote.

Baadaye mwanawe Josias, fundi mwashi mjini Goma, akawachukua wazee wake nyumbani kwake, nyumba ya mbao ya vyumba vitatu iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Henriette alimshukuru Mungu kwa paa hilo, lakini hakukuwa na siku iliyopita bila kuiwaza Kalengera. Charline, mke wa Josias, alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Butembo, mwepesi wa mikono na mkali wa usafi, na jiko lilikuwa lake. Mama mkwe akiosha sufuria, Charline aliiosha tena. Basi Henriette alikaa kwenye kigoda chake kama mgeni aliyesahau kuaga, akichambua maharagi ya kununua huku akiyafikiria yale ya kwake.

Uzi ule mmoja ukawa nyuzi tatu, kisha vikaja vidoa kama masizi. Mwezi wa kwanza wa mwaka wa elfu mbili ishirini na tano vita vikashuka hadi mjini, na familia nzima ikalala sakafuni siku kadhaa, hakuna aliyethubutu kufungua mlango. Siku ya tatu Henriette aliuliza ni nani amewasha moto ndani ya nyumba. Hakuna aliyewasha. Moshi aliouona ulikuwa mwekundu, unateremka polepole katika jicho la kushoto kama damu ya kuku iliyomwagwa kwenye beseni la maji, na ulipotulia ulikuwa mweusi. Alisema ni uchovu, na kwa kuwa siku zile kila mtu alikuwa amechoka, wakamwamini.

Aliyemkamata ni Charline. Wiki mbili baadaye alimkuta mama mkwe wake akimimina chai kando ya kikombe, anaendelea kumimina, uso umetulia kabisa. Charline aliichukua birika mkononi mwake. Kisha akamfunika jicho la kuume kwa kiganja na kumwuliza ameonyesha vidole vingapi. Henriette hakuona vidole, wala hakuona mkono.

Kesho yake Charline alimpeleka kwa mganga wa macho. Alitiwa dawa ya matone iliyopanua mboni mpaka mwanga wa dirishani ukawa unachoma, akawekwa kidevu juu ya kifaa, akaambiwa atazame kushoto, kuume, juu, chini. Dokta alikuwa mtu wa makamo aitwaye Éphraïm, mwenye sauti ya chini, na alichukua muda mrefu kwenye jicho la kuume kuliko lile bovu. Henriette aliliona jambo hilo na halikumpendeza. Dokta akamwuliza kazi yake. Aliposikia ni mkulima wa vitunguu, akakisogeza kiti chake karibu.

"Mama, nyuma ya jicho kuko mishipa midogo sana, sawa mizizi ya kitunguu," alisema. "Sukari ikikaa mingi mu damu myaka na myaka, ile mizizi inalegea, inavuja. Jicho inaotesha mingine mipya, lakini ile mipya haina nguvu, inapasuka. Ule moshi uliona ni damu."

Alimweleza kwamba katika jicho la kushoto ngozi laini inayopokea picha ilikuwa imevutwa na kubanduka, kama karatasi inayotoka ukutani, na mjini hapo hakukuwa na wa kulipasua jicho la namna hiyo. Hata mbali, nje ya nchi, asingeweza kuahidi kitu.

"Lakini ya kuume iko naona muzuri," Henriette alisema.

"Ni ile njo naogopa, mama. Mizizi mibaya imeanza kuota na mule. Ingekuwa inauma, ungekuja zamani."

Kulikuwa na dawa ya mwanga. Ni mashine inayotupa cheche ndogo nyuma ya jicho na kuunguza kando kando, ili ile mishipa mibaya inyauke. Haitarudisha kilichokwisha kupotea, na huenda ikampunguzia kuona gizani, lakini ingelinda kilichobaki. Mara nne, kwa kupishanisha wiki kadhaa, halafu kuchunguzwa tena na tena. Na yote hayo yangekuwa kazi bure kama sukari na presha havitashuka. Vidonge kila siku, siku ya kujisikia vibaya na siku ya kujisikia vizuri vilevile.

Henriette aliuliza swali moja tu, kama ataweza kuiona tena Kalengera. Dokta alijibu kwamba ataiona, iwapo hatakosa hata randevu moja, hata siku moja ya kurudi aliyopangiwa.

Alifanyiwa ya kwanza wiki ileile. Cheche zilikuwa za kijani, kali, na kila moja ilipiga kama ncha ya sindano ndani kabisa ya kichwa. Alipotoka, dunia ilikuwa na rangi ya matope. Charline alimshika mkono wakatembea hivyo juu ya mawe mpaka nyumbani, wakiwa hawajawahi kushikana mikono tangu siku ya arusi ya Josias.

Siku hizohizo kambi zikavunjwa, na barabara ya kaskazini, iliyofungwa miaka mitatu kwa watu wa kawaida, ikafunguka. Watu wakaanza kurudi, magodoro juu ya gari, mbuzi juu ya magodoro. Havugimana, jirani wao wa zamani, alipita Katindo kuaga na kusema mvua imeshaanza, anayetaka kupanda na apande sasa. Munyakazi alikuwa mzee wa maneno machache. Alisikiliza, kisha akaanza kulinoa jembe lake kwenye jiwe la ngazini.

Henriette naye akafunga mzigo. Alifunga vitenge viwili, sufuria, picha ya Bikira Maria, na mbegu za vitunguu alizozitunza katika chupa. Dokta alikuwa amemkatalia, lakini alijiambia kwamba miezi miwili haiui mtu, kwamba atapanda, atapalilia, atarudi. Moyoni alijua zaidi ya hapo. Kama jicho la pili nalo lingefunikwa na moshi, alitaka liwe limekwisha kuiona Kalengera. Hofu hiyo hakuweza kumwambia mtu, kwa sababu kila alipojaribu kuitamka ilionekana ya kitoto.

Asubuhi ya safari Munyakazi aliuona mzigo wa mkewe kando ya mlango. Aliinama, akalifungua fundo, akatoa chupa ya mbegu na kuitia katika mfuko wake. Vitu vingine akavirudisha ndani ya nyumba, kimojakimoja. Henriette alimtazama kwa jicho lake moja bila kusogea.

"Mama Josias," alisema aliporudi, "shamba itakungoya. Jicho haitakungoya."

"Na kama haiponi? Nitakuwa nimekosa vyote."

Munyakazi alilitwaa jembe. "Utauliza, nami nitakuambia vyenye naona," akasema, kisha akaondoka na jembe lake begani kuelekea mahali magari yanapopakia watu wa Rutshuru.

Hivyo Henriette akabaki. Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu kuliko ile ya kambini, maana kambini kila mtu alikuwa amefungiwa njia, na sasa njia ilikuwa wazi, wengine wanaipita, yeye amekaa. Alimeza vidonge. Chai alikunywa bila sukari, akaiona kama maji ya kuoshea majani. Charline alimpunguzia bugali, akamwongezea mboga na sambaza, samaki wadogo wa ziwani kutoka soko la Kituku, akampimia chakula chake kama mtoto wa kuachishwa ziwa, na Henriette alikula akiwa amekasirika. Kila alfajiri, kama Dokta Éphraïm alivyomfundisha, alifunika jicho la kushoto akatazama kalenda ya parokia iliyotundikwa ukutani. Kisha akafunika la kuume na kutazama palepale, asione kitu. Alipomaliza alitoka nje, akasimama mwisho wa ua ambapo kati ya nyumba mbili mtu huona upande wa kaskazini. Kalengera haionekani kutoka hapo. Alisimama hata hivyo.

Kila Jumapili baada ya misa Munyakazi alipanda kilimani, mahali telefoni inaposhika mtandao, akapiga. Mara ya kwanza Henriette alikuwa na maswali mengi kuliko muda. Aliuliza nyumba iko. Mumewe akasema iko. Kisima kiko? Kiko. Shamba la juu? Liko. Na mti wa avoka wa mlangoni, aliouotesha mwaka alioolewa? Kidogo kimya, kisha, uko.

"Baba Josias, usiniambie iko, iko," alisema. "Uliniahidia. Niambie iko namna gani."

Alimsikia mzee wake akipumua huko kilimani. Halafu, taratibu, kama mtu anayetafuta njia kwenye majani marefu, Munyakazi alianza kusimulia. Alisema ukungu ulikuwa umeteremka asubuhi kutoka upande wa mlima Mikeno ukajaa bondeni, halafu ukatoka wote mara moja. Kwamba mbegu za vitunguu zimeota, nyembamba kama nywele. Kwamba jirani yao, mjane wa Tuyisenge, amerudi na ana mbwa mpya, mweupe, mwenye sikio moja jeusi. Wakati telefoni ilipokatika Henriette alibaki ameishika, anatabasamu. Charline aliyekuwa anakuna muhogo alijifanya hajaona.

Wiki baada ya wiki mzee alizidi kujua kusema. Miaka thelathini na mitano ya ndoa hakuwahi kumsikia akitumia maneno mengi kiasi hicho. Maharagi yalitoa maua, meupe na mengine ya zambarau. Avoka nayo ilichanua, akasema, na nyuki wake walikuwa wengi mpaka mtu anawasikia akiwa ndani. Mwezi uliofuata vitunda vilikuwa vimeshika, vidogo kama mayai ya njiwa, hasa tawi la upande wa barabara. Henriette alilala mchana akiufuata mti huo akilini tawi kwa tawi.

Mara ya pili na ya tatu ya mwanga alizivumilia. Baada ya ile ya tatu kichwa kiliuma siku mbili, na kalenda ya parokia ikaonekana kana kwamba imetiwa ndani ya maji. Akashikwa na hofu kwamba wanamharibia hata lile lililobaki, akatangaza kwamba ya nne haendi. Josias alimbembeleza, hakusikia. Charline hakubembeleza. Alikaa chini mbele yake, akamwambia kuhusu baba yake mwenyewe, mzee Léopold, aliyekuwa akisafirisha bidhaa kati ya Butembo na Goma. Sukari ilikuwa imemkamata macho, aliambiwa aje mapema, naye akasema amalize safari moja tu. Alimaliza safari nyingi. Mwisho wa maisha yake alikuwa anamtambua binti yake kwa kumpapasa uso.

"Nilikuwa na myaka kumi na sita," Charline alisema. "Aligusa uso yangu, akasema umekuwa mukubwa. Mama, sitaki kuanza tena ile."

Henriette alikuwa ameishi na mwanamke huyu zaidi ya mwaka akimhesabia makosa ya sufuria. Siku ya randevu alivaa kitenge chake kizuri, akatangulia mlangoni.

Mwishoni mwa mwezi wa saba Dokta Éphraïm alilitazama jicho la kuume kwa muda, akazima taa yake, akasema mizizi mibaya imenyauka na hapajavuja tena. Sukari ilikuwa imeshuka pia. Akamruhusu aende, arudi baada ya miezi mitatu, na uzi hata mmoja ukionekana asingoje miezi hiyo.

Charline alimfungia dawa katika karatasi mbili, za asubuhi na za jioni, akamsindikiza hadi kwenye gari. Njiani Henriette alitazama Kibumba na baridi yake, akatazama Rugari, akatazama wanawake walioinama mashambani, watu wengi na mashamba mengi, kwa pupa ya mtu anayekula baada ya mfungo. Walipomshusha Kalengera, Munyakazi alikuwa amesimama kando ya barabara amevaa koti. Alikuwa amekonda. Waliamkiana kama watu wa heshima wanavyoamkiana barabarani, kisha akamchukulia mzigo, wakapanda.

Nyumba ilikuwa na kuta. Mabati yalikuwa yamechukuliwa yote, na Munyakazi alikuwa ameezeka chumba kimoja kwa shiti ya plastiki kutoka kambini. Henriette alikuwa ametarajia jambo kama hilo. Alichokuwa anatafuta ni kivuli, na mbele ya mlango hakukuwa na kivuli. Kulikuwa na kisiki cheusi, kikavu, kilichokatwa zamani na watu waliohitaji makaa, na juu yake mzee alikuwa ameanika shati.

Alikizunguka kisiki kizima, kwa sababu upande wa kushoto haukuwepo tena machoni pake na ilimbidi ageuke ili auone. Kisha akakaa juu ya jiwe la mlangoni.

"Hakukuwa na nyuki," alisema.

Munyakazi aliondoa shati lake pale kisikini, akalikunja. "Ile siku ya kwanza uliniuliza, nilishindwa kusema," akajibu. "Jumapili iliyofuata mti ulikuwa umeisha kuchanua."

Henriette alitaka kukasirika, na hasira haikuja. Kilichokuja ni uchungu wa namna nyingine. Alikuwa ameona mti ule kwa miezi minne vizuri kuliko alivyowahi kuuona wakati upo, na sasa, akiwa amefika na jicho lililolindwa kwa taabu zote zile, hakuwa na mahali pa kuuangalia. Alimwuliza mumewe kama mbwa mweupe yupo. Yupo. Ukungu wa Mikeno? Huo ataushuhudia mwenyewe kesho. Vitunguu? Munyakazi akamnyooshea mkono, wakaenda kuviona. Vilikuwepo, mistari minne, imepinda kidogo kwa sababu mzee hakuwahi kujua kunyoosha mistari. Henriette alipiga magoti akaanza kung'oa magugu.

Aliishi kule tangu siku hiyo, ingawa si kama zamani. Jioni hatembei, maana giza linamjia mapema kuliko wengine. Akimimina kitu hutanguliza kidole ukingoni mwa chombo. Hawezi tena kumtambua mtu anayeshuka mteremko wa ng'ambo mpaka afike karibu, na watu wamezoea kumwita kutoka mbali ili asihangaike. Mke wa Havugimana alipomwambia, wakiwa kisimani, kwamba naye ana sukari lakini macho yake ni mazima, Henriette alimwuliza macho hayo yalipimwa lini. Mwanamke alicheka, akasema apimwe kwa nini na anaona. Miezi mitatu ilipotimia walikwenda Goma pamoja.

Jicho la kuume lilikuwa limetulia. Mke wa Havugimana alikutwa na dalili za mwanzo tu, akaandikiwa randevu na kuhimizwa vidonge vyake. Walilala Katindo siku mbili, na Charline akapika sambaza. Sufuria aliiosha Henriette, ikaachwa ilivyo. Siku ya kurudi, akiwa tayari mlangoni na mzigo wake, alishangaa kujiona anachelewa kuondoka, anatazama kalenda ya parokia, ua, mwanya kati ya nyumba mbili unaoonyesha kaskazini. Kalengera aliyokuwa akiitamani kutoka hapo hakuikuta kule, na hakuwa na mtu wa kumweleza jambo hilo isipokuwa pengine huyu mke wa mwanawe, aliyesimama na karatasi mbili za dawa mkononi.

Alizipokea. Akamwambia Charline aje mwezi wa kumi na mbili, maharagi yatakuwa yamevunwa, na aje na Josias na kipimo chake cha kumpimia bugali. Charline akasema atakuja.

Garini Henriette alimwomba kijana aliyekaa dirishani, upande wa kuume, ampishe. Alimweleza kwamba ana jicho moja tu linaloona, nalo liko upande huo, na kwamba baada ya Kibumba kuna mahali Mikeno unatokea wote.